Nilichosema Kuhusu Neno Mzalendo

Jumatatu, 9 Juni
Insha za kidato cha pili tena. Wengi wameandika "msalendo". Saa kumi mkutano wa kijiji, hapa Ipinda. Mdogo wangu Gwamaka, kamanda wa mgambo, akanisimamisha nieleze neno mzalendo limetoka wapi. Nikasema asili yake ni kuzaa. Zamani lilimtaja mzaliwa wa mahali. Maana ya kuipenda nchi na kuitetea ilikuja baadaye. Wakanipigia makofi. Nilijiona msomi.

Jumanne, 10 Juni
Gwamaka alishika nusu tu. Leo sokoni yeye na mgambo wawili wamempiga Mama Lugano, mjane anayeuza mchele. Amezaliwa ng'ambo ya mto Songwe, Malawi. Kaolewa hapa, kazika mume hapa. Walisema si mzalendo, mwalimu kathibitisha. Rungu mgongoni. Rungu mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Damu kwenye mchele. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nilinyamaza. Najichukia.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi wamechoma nyumba yake. Nikaenda kwa Gwamaka. Nikamwambia mzalendo wa leo ni anayeitumikia nchi, na yule mama ameilima miaka mingi kuliko yeye.
"Kaka, juzi ulisema kuzaliwa. Usigeuze."
Nikasema nakwenda polisi. Ngumi ya mdomo. Nikaanguka, akaendelea kwa mateke. Mama yetu alimshika shati akimsihi, akasukumwa ukutani. Nimepoteza meno mawili. Nilitamani kumuua. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 12 Juni
Polisi, Kyela mjini. Nimetoa maelezo. Jina la ndugu yangu, sahihi yangu chini yake.

Ijumaa, 13 Juni
Wamemkamata. Mama hasemi nami.

Jumapili, 15 Juni
Hospitali. Mkono wa Mama Lugano umefungwa plasta hadi begani. Nilimweleza yote, hata makofi niliyopigiwa. Nikamwomba radhi. 
"Mwalimu, mpunga wangu umeiva. Ndege wanaumaliza."
Nikasema nitauvuna.
"Ndaga," akashukuru. Hakusema kwamba amenisamehe.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeomba ruhusa shuleni. Nimevuna tangu alfajiri, mdomo umevimba, mbavu zinauma. Saa nne mama yangu alikuja na mundu wake. Hakunisalimu. Alianza upande wa pili wa jaruba. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumekaribiana.