Silke Alivyokubali Kunyolewa

Kwako kaka Asger,

Huku Jutland mvua haijakatika, na mama bado anakohoa. Paa la banda nimeliziba mwenyewe.

Uliagiza farasi wetu Silke anyolewe manyoya ya baridi kabla mnunuzi hajaja. Unajua anavyoichukia mashine ya kunyolea. Baba alikuwa akimkaza pua kwa kamba ili atulie, naye akapiga teke mpaka mlango ukapasuka. Mimi sikumfunga. Siku tisa nilimwashia mashine kwa mbali huku nikimlisha karoti, kila siku nikimsogelea kidogo. Siku ya kumi akasimama ametulia, kichwa begani kwangu, nikamnyoa hadi masikio.

Mnunuzi alipomwona alicheka. "Dada, kaka yako aliniambia farasi huyu ana wazimu! Mbona mpole kama kondoo?"

Silke akapanda gari la mnunuzi bila kugoma, kwa kuwa mimi ndiye niliyemshika hatamu.

Shamba baba alikuachia wewe, sibishi. Lakini ungeweza kumuuza na manyoya yake, Asger. Umenituma nimzoeshe kuniamini ndipo nimtoe. Hilo sitakusamehe.

Mama anakusalimu. Mimi sina salamu.

Dada yako,
Ragnhild