Ngozi Iliyopanda Mulima

Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Julai 1958

Papa mupendwa,

Jambo sana, na jambo kwa maman. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi hii ya kiangazi? Mimi niko muzima, mikono yote miwili iko, meno pia. Nyantende si mbali, ningekuja kwa miguu, lakini kuna maneno yanayosemeka vizuri mutu akiwa mbali na fimbo ya baba yake. Na wewe Katekista Xavier, unayemusomea Papa barua hii, usiruke mustari hata mumoja.

Jana wazungu walifanya sikukuu ya motokari za zamani. Mufanyakazi akizeeka wanamurudisha kijijini. Motokari ikizeeka wanaivalisha maua. Watu wa Kadutu walisimama nyuma ya kamba. Mimi nilikuwa ndani, kwa sababu ya kitambaa: lazima mutu apanguse vumbi.

Patron wangu, Monsieur Benoît, alileta ile yake ya 1913. Miaka mitatu ililala garajini, maana ambreyaji yake, kile kitu kinachoshikanisha injini na magurudumu, inavikwa ngozi, na ngozi ilikuwa imekwisha. Dawa yake niliisoma katika kitabu cha mafundi alichokitupa yeye mwenyewe. Jana zote zilitakiwa kupanda kutoka ziwani mpaka juu, posta, kushindania kikombe. Mbili zilirudi nyuma kama mbuzi anayekataa kamba. Yetu ilipanda kama imeitwa kula.

Muzee mumoja wa waamuzi, mutu wa Usumbura, akauliza ngozi nzuri hivyo ilitoka wapi. Monsieur Benoît akajibu kwamba aliiagiza Bruxelles, akaifunga kwa mikono yake. Mikono yake, Papa! Ile isiyojua kufungua chupa ya limonade. Nikasema, kwa Kifaransa changu cha vitabu vilivyotupwa, kwamba ngozi ni ya Nyantende na fundi ni mimi. Monsieur Benoît akacheka, akawaambia wenzake kwamba makaku yake, maana yake nyani, imejifunza uongo. Basi nikainua ubao wa chini wa motokari, nikamuonyesha muzee ukingo wa ngozi. Niliacha nywele pale, upana wa kidole gumba, nyeupe na nyekundu. Nikamuuliza kama Bruxelles iko na ng'ombe wa namna ile. Nyuma ya kamba Adélaïde, muuza ndizi, akapiga kelele kwamba niwaonyeshe na mukia.

Kikombe walimupa Monsieur Benoît, kwani motokari ni yake. Alikishika kama mutu anayebeba mukojo wa mugonjwa.

Leo asubuhi ameniambia kwamba Jumamosi nisimame mbele ya klabu yao, niombe radhi, niseme nilidanganya. La sivyo ataandika "mwizi" katika buku yangu ya kazi, na hakuna garaji itakayonipokea. Nimemujibu aandike: kalamu ni yake, kama motokari. Mikono ninaondoka nayo.

Ila neno hilo la mwizi, Papa, amelipata bila kujua. Ngozi ya kitanda chako, ya yule ng'ombe tuliyemuita Sista kwa kichwa chake cheupe, haikuibwa na mbwa wa Raphaël. Mbwa ulimupiga bure. Ni mimi niliyeikunja chini ya koti nilipokuja kuwasalimu Pasaka. Miezi mitatu unalala juu ya kamba tupu, na kikohozi hicho ninajua kimetoka wapi.

Radhi ninayo moja tu. Jumamosi, saa ile wanayoningojea klabu, nitakuwa kwako kuiomba, nikipiga magoti. Nitaleta blanketi, na mufupa wa kumupa yule mbwa. Fimbo iweke karibu.

Musalimie maman, na jirani wote; Raphaël umusalimie wa mwisho, kwani mbele yake nina haya.

Mimi mutoto wako, fundi,
Venant