Herufi Moja Iliyomfungia Lorenti

Jumapili, Murusagamba. Mvua ya asubuhi imekatika na mtandao umerudi. Nimekaa kwenye kibaraza cha mama, simu mkononi, na nina aibu.

Kwa miaka miwili nilimrekodi mama akisimulia hadithi za Kihangaza, nikawauzia Wahangaza walio mbali ambao hawataki watoto wao waisahau lugha. Sauti zote naziweka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile wanayoiita wingu. Siku mama aliponisikia nikilitaja neno hilo alitazama juu akaniuliza, "Wingu lipi? Na likinyesha je?" Tulicheka mpaka maharage yakaungua.

Mwanzoni mtu mmoja alinunua hadithi, kesho yake ikawa imezagaa kwenye makundi ya simu. Ndipo nikajifunza kufunga. Sasa kila mteja ana kiungo chake, kinakufa baada ya siku tatu, na hakifunguki ila kwa anwani ya barua pepe niliyoiandika mwenyewe kwenye orodha. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Mama alifariki kabla ya mavuno. Mdogo wangu Lorenti alikuwa safarini na lori, Kongo huko, hakuwahi maziko. Baada ya matanga nikamwandika kwenye orodha, bure bila shaka, nikamtumia kiungo cha rekodi ya mwisho ya mama.

Hakujibu.

Nikanuna. Baadaye nikaambiwa ameonekana Lusahunga, kwenye kituo cha malori, amepaki lori, amekula, ameondoka. Nyumbani hakufika. Nikasema moyoni, huyu hata sauti ya mama haitaki. Na mimi sikumtafuta, nikaacha wiki zipite.

Leo nimefungua ukurasa wa watu waliokataliwa, ambao huwa siugusi. Jina moja limeujaza wote. Lorenti amejaribu mara kumi na tisa. Kwenye kisanduku cha kuomba ruhusa ameandika: "Shikamoo dada. Kama umeamua nisimsikie mama kwa sababu sikuja kumzika, niambie tu."

Nilisoma, nikarudi kwenye orodha kukagua anwani yake.

Kosa ni herufi moja. Anwani yake inaanza na L, kama jina lake kwenye cheti cha ubatizo. Mimi niliandika R. Kwetu L haina kwao. Mama alimwita Rorenti tangu ananyonya, na vidole vyangu vikaandika nilichozoea kusikia. Mimi huyu, mwalimu mzima, ninayewasimamisha watoto darasani wakiandika "karamu" badala ya "kalamu".

Nimesahihisha. Nimekiondolea kiungo chake kikomo cha siku tatu. Nikampigia, hakupokea, nikamwandikia: "Nisamehe mdogo wangu, kosa ni langu. Jaribu sasa."

Baada ya muda nikaona kwenye orodha kwamba amefungua. Akafungua tena. Akafungua mara ya tatu.

Na hapa nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe rekodi ile sijaisikiliza. Niliipandisha winguni siku ileile niliyorekodi, bila kukata kitu, kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Tangu tumzike mama nabadilisha nywila, nakagua kama ipo, nailinda kama ng'ombe wa mahari, na sijamuuzia mtu. Kusikiliza ndiko kunakonishinda. Nina hamu na mama mpaka naiogopa sauti yake. Naweka kidole kwenye kitufe halafu nakumbuka nguo za kufua.

Saa kumi jioni Lorenti amejibu. Hakunilaumu, wala kosa lenyewe hakulitaja. Ameandika: "Dada, dakika ya kumi na moja mama anaacha hadithi, anakuita. Anakuita mara mbili. Mbona hukuitika?"

Nakumbuka. Alikuwa amechoka, amejiegemeza ukutani, na mimi nilimwonyesha kwa mkono aendelee, nisije nikaiharibu rekodi. Akaendelea. Sikumuuliza baadaye alitaka nini.

Au alikuwa anataka maji tu?

Kesho, kabla ya kengele ya shule, nitakuja tena hapa kibarazani, nifungue dakika ya kumi na moja. Nitaitika.