Mume Wangu Anacheka Maneno Yangu Kinywani mwa Mwingine

Mpendwa mshauri, salamu nitakuletea siku moyo ukitulia, leo naomba msaada tu, maana nina wivu mpaka najiogopa, na aibu yenyewe ni kwamba sijui kama ninayemwonea wivu ni mwanamke mwenzangu au ni mimi mwenyewe.

Mimi ni muuza mitumba, sokoni wananiita Mama Chagua kwa sababu ya wito wangu, nikipanda juu ya meza nikaanza kunadi hata mtu aliyekuwa anakwenda kununua dawa anasimama, nawatania, nawapima mashati kwa macho, bwana mwenye kitambi namwambia shati hili lilikuwa linakutafuta wewe tangu lilikotoka, anacheka, ananunua. Mume wangu ni fundi umeme, na hivi karibuni alipata kazi ya kufunga taa kwenye ukumbi wa maigizo, ambako wanaandaa mchezo wa kuchekesha kuhusu muuza mitumba anayefundishwa kuongea kama wakubwa ili aingie kwenye nyumba zao. Aliyepewa kuwa huyo muuza mitumba ni binti wa watu waliosoma, sauti laini, akisema "samahani" hujui kama anaomba radhi au anakubembeleza, na kunadi hajui hata kidogo, basi mume wangu akawaambia, "Mtu wa kumfundisha ninaye nyumbani," akaniletea mpaka mezani kwangu.

Nikamfundisha, mshauri, kwa moyo mmoja. Nilimfundisha kushika kiuno, kuita bila kukauka koo, kumtania mteja bila kumtukana, na kwa kuwa tulizoeana nikamsimulia hata jinsi ninavyomsema mume wangu nyumbani, naye akawa anacheka huku anayarudia taratibu, kumbe anayameza yote.

Wiki iliyopita nikampelekea mume wangu chakula ukumbini, nikasimama mlangoni, nikamkuta yule dada jukwaani, mkono kiunoni, anamfokea mwigizaji aliyefanywa mume wake, "Wewe mwanamume, ukikaa kwenye kiti hiki hata kiti chenyewe kinaomba likizo!" Hayo ni maneno yangu, mshauri, niliyatoa kichwani mwangu mimi, na mume wangu alikuwa juu ya ngazi anafunga taa, akacheka mpaka akaikumbatia ngazi asianguke. Nikiyasema mimi nyumbani anaongeza sauti ya redio. Niligeuka na chakula changu, nikakila mwenyewe njiani kwa hasira, wala sikusikia ladha.

Tangu siku hiyo nimebadilika. Nikajiambia kumbe anapenda sauti laini, basi na mimi naongea hivyo, "naomba chumvi, tafadhali," "ningependa kujua utarudi saa ngapi," mume wangu akaniangalia weee, akaniuliza, "Mama watoto, unaumwa?" Wifi yangu naye, dada yake mume wangu, alikwenda kutazama mazoezi akaja kunitonesha: "Wifi, yule dada kakupatia! Tena yeye anapendeza zaidi." Sokoni siiti tena, koo linaziba, nikifungua mdomo naona kama ni mimi ninayemwigiza yeye, na wateja wanapita wanakwenda kwa jirani.

Sasa onyesho la kwanza ni Jumamosi, na jana yule dada amekuja, tena na heshima zake zote, kuomba aproni yangu ya mifuko avae jukwaani. Nimeshakataa moyoni. Tena nimepanga kumwambia mume wangu achague, ukumbi au mimi, zile taa amwachie fundi mwingine amalizie. Nimwambie? Maneno yangu kachukua, kicheko cha mume wangu kachukua, mshauri, kesho si nitaambiwa nihame?

Ni mimi niliyebaki bila sauti.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Chagua, pole. Wivu unauma, na anayesema hauumi hajawahi kumpenda mtu. Pole nimeshakupa, sasa nisikilize.

Umeniandikia yote hayo na hakuna mahali uliposema umewakuta wamekaa pamoja, wala simu za kujificha, wala mkono begani. Ulichokiona ni mwanamume juu ya ngazi anacheka maneno ya mkewe. Na yule binti nani alimleta kwako? Si mumeo? Ukumbi mzima ulikuwa unatafuta mtu anayejua kuongea na watu, yeye akakutaja wewe. Mwanamume anayemwonea mkewe aibu hafanyi hivyo, na wewe umelipita jambo hilo kama halikuhusu.

Kinachokukera hasa ni kwa nini akisema yule anacheka na ukisema wewe anaongeza redio. Nitakujibu ingawa hutapenda. Yule anamfokea mwanamume mwingine. Wewe unamfokea yeye, ametoka kazini, viatu havijavuliwa. Nani anacheka akisemwa mwenyewe? Wateja unawapa utani mtamu, mumeo unampa ule wa kuchoma. Naye simwachi: mke akizungumza redio inapunguzwa, na kama maneno yanamuuma ana mdomo wa kusema. Msomee sehemu hii.

Kesho panda mezani uite. Koo likiziba, ita hivyo hivyo, litafunguka lenyewe, watoto wako hawashibi "ningependa kujua." Hiyo sauti ya kuazima iache, haikukai. Wifi yako cheka naye kisha badilisha mazungumzo, maana akijua panapouma atapagusa kila akija. Aproni ni yako, ukitaka mpe, hutaki mnyime, ila usimwadhibu mtoto wa watu kwa kosa ambalo hajalifanya. Kama kuna la kudai, mdai mwenye mchezo awatajie watazamaji nani alimfundisha mwigizaji wake. Na Jumamosi uende, ukae mbele.

Lakini kumwambia mumeo achague? Thubutu! Ukimkatisha kazi yake kwa wivu ambao hujautaja, atakuona una roho mbaya, na hatajua kamwe kwamba ulikuwa unampenda. Mngoje ale, apumzike, kisha umweleze kwamba ulifika na chakula chake, ukasimama mlangoni, ukageuka. Usimtanie, usimfokee, usijilainishe. Mwambie, "Nimeona wivu." Ni maneno mawili tu, mama. Hayo hukumfundisha yule dada, na hakuna atakayekusemea.