Kutu Kwenye Ngano ya Baba

Maabara ya Mbegu,
Kituo cha Utafiti wa Ngano,
S.L.P. 88.
9 Septemba

Mpendwa Kaka,

Habari za huko ugenini? Natumaini mgongo wa wifi umepona na watoto wanaendelea na masomo. Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama imetulia tangu akubali kumeza dawa bila kusukumwa. Baba anakula, anatembea, anagombana na redio kama kawaida. Salamu nimemaliza. Sasa nina neno na wewe.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Dakika nne nzima, kwenye kundi la ukoo, mbele ya mashangazi na wajomba wote, unasema nimemuulia Baba shamba kwa mashine zangu. Hukuniuliza. Nilipokupigia, ukanikatia simu sentensi ikiwa bado mdomoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuidakia maneno.

Kwanza ujue ninachofanya, maana naona unadhani nachemsha mizizi. Ngano inashambuliwa na kutu, ule ugonjwa wa vumbi la rangi ya matofali unaokausha mashina kabla suke halijajaa. Kuna ngano moja ya zamani, fupi, ya mavuno haba, ambayo kutu haiiwezi. Tuliichanganya na ngano ya mavuno mengi, na miaka saba tumekuwa tukichagua watoto wake. Zamani ungepanda, ukangoja ugonjwa uje ndipo ujue nani kapona. Siku hizi nakata kipande cha jani la mche wa siku kumi, nakisaga, natoa vinasaba vyake, na kutafuta alama inayokaa jirani na ile kinga. Mche wenye alama unaonyesha mistari miwili kwenye picha. Usio nayo unaonyesha mmoja. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Mbegu yetu ilikuwa safi, nakuapia. Nilipima mwenyewe, mche kwa mche, mpaka macho yakawasha.

Sasa mkuu wa kituo, yule tunayemwita Tai kwa ajili ya ile ya shingoni, ingawa siku hizi namfikiria zaidi yule ndege, alikuwa ameahidi wageni wakubwa magunia mia mbili siku ya uzinduzi wa mbegu. Tulikuwa na sitini. Akaagiza ngano nyingine ichotwe ghala namba tatu, nzuri ya macho, isiyo na kinga yoyote, ichanganywe humo humo. Hakutuambia maabara.

Niligundua nilipootesha miche mia kutoka kwenye magunia yaliyoshonwa tayari. Ishirini na tisa tu ilikuwa na alama. Nilidhani mashine imeharibika, nikarudia. Ishirini na tisa. Nikamwandikia Tai barua, karani akaigonga mhuri wa kupokelewa, tarehe kumi na nne Machi. Aliniita ofisini, akaniambia bila hata kuinua uso, "Magunia mabaya yameshatolewa. Nenda kafanye kazi yako."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, Kaka, na silifichi. Niliamini mdomo wa mtu, mimi ninayelipwa kutoamini mpaka nipime. Baada ya siku nane mbegu ikagawiwa, na Baba akapanda shamba zima kwa sababu nilimwambia apande.

Mwezi wa Juni kutu iliingia. Nilikwenda Jumamosi, nikamkuta kasimama katikati ya ngano, suruali imekuwa nyekundu mpaka magotini kwa lile vumbi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mwezi uliopita wakulima waliitwa kwenye ukumbi wa kituo. Tai alisimama na tabasamu lake, akasema fundi wa maabara alikosea kusoma alama. Fundi ndiye mimi, nimekaa mstari wa tatu! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisimama bila kuombwa, nikasoma nakala ya barua yangu kwa sauti, na tarehe yake, na mhuri wake, kisha nikainua picha mbili za vipimo vya ile miche mia. Ukumbi ukachafuka. Tai akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Lakini mama mmoja mjane, jirani wa Baba, akanigeukia mimi. "Na wewe binti, ulijua ukanyamaza?" Nikamwambia nilijua nusu, na ile nusu ya pili niliogopa kuitafuta. Mpaka leo hajanisalimia.

Tai amesimamishwa, wanachunguza. Msimu ujao kila gunia litapimwa kabla ya kushonwa, na sahihi itakuwa yangu. Hiyo haimrudishii mtu mavuno yake. Lakini wewe ulimsikiliza binamu aliyesikia dukani, ukanihukumu mbele ya ukoo, ukalala usingizi. Nataka useme ukweli mbele ya hao hao. Na uache kushangaa kwa nini simu ya Baba haipatikani: alisikia ujumbe wako, akaizima, akaifungia kabatini.

Alhamisi iliyopita mlinzi wa getini alinipigia kwamba kuna mzee hataki kuandika jina lake kitabuni. Nilijua ni nani. Baba alikuwa hajawahi kukanyaga kazini kwangu. Aliingia maabara akiwa na bahasha ya kaki, ndani majani tisa, kila jani kalifungia peke yake kwenye karatasi. Alikuwa amezunguka shamba lote, akafunga uzi mwekundu kwenye kila shina lililobaki kijani, na haya yalitoka kwenye mashina tisa ya kwanza.

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikata. "Sikuja kwa maelezo. Pima."

Alikaa kwenye kigoda kwa saa nne, mikono magotini, akifuata kila nilichoshika. Picha ilipotoka nikamwonyesha: manane yana mistari miwili. Akayahesabu kwa kidole mwenyewe.

"Na hili la tisa?"

"Halina kinga, Baba. Ni bahati tu, kutu haijaufikia huo mmea."

Alikunja bahasha yake, akaitia mfukoni. "Basi huo nitaung'oa kesho asubuhi, usiingie kwenye mbegu," akasema. "Jumatatu nitakuletea majani mengine."

Nisalimie wifi, mwambie nimemkumbuka. Wabusu watoto, waambie shangazi yao si mchawi. Mama anakusalimu sana. Baba hajasema, nami simsemei. Mungu awalinde huko mliko, awape riziki na usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, nakupenda, na hasira bado ninayo.