Mlango wa Kushoto wa Lori Letu

Garissa
3 Machi 1998

Ndugu Silas,

Salamu nyingi baada ya miaka saba. Natumai u mzima, wewe na mke na watoto. Mimi mzima, ila mgongo, na usukani nimeuacha tangu mwaka juzi. Mvua zimekata barabara mara tatu, sijui barua hii itafika lini. Anwani yako nimepewa na Kang'ethe wa duka la vipuri. Anasema siku hizi unamtengenezea mchora ramani za majengo vijumba vya mfano vya plastiki huko Nairobi, na kwamba una mikono ya sonara. Sikushangaa.

Sasa sikiliza jambo langu, na usicheke. Binti yangu Sahara, yule aliyeolewa Kanada, amenitumia sanduku la lori la plastiki la kuunganisha, vipande mia mbili na kitu. Ukilitazama usoni ni lori letu kabisa, lile tulilobebea mbuzi wa Griftu miaka kumi na miwili, mimi dereva na wewe utingo. Ndani wameweka dereva peke yake. Utingo hawakumkumbuka, wazungu hawajui safari.

Taabu ni milango. Imeshikana na kebini, nami nataka ifunguke. Nilijaribu na msumeno wa chuma wa gereji, ukatafuna plastiki kama panya. Bahati nilijaribia kipande cha kutupwa. Niambie basi, ni msumeno gani, na uwe na meno mangapi?

Ndugu yako,
Abdow


Nairobi
20 Machi 1998

Abdow,

Barua imefika. Sisi wazima.

Msumeno wa gereji ni mnene. Kila unapopita unageuza plastiki kuwa unga, na kwenye kitu kidogo hivyo unga huo ni sehemu ya mlango. Unahitaji misumeno miwili. Wa kwanza una bamba jembamba kama wembe, na mgongo wa chuma juu ili lisipinde. Huo ni wa kukata moja kwa moja, kama fremu na mabomba. Mlango haukatwi nao, kwa sababu mgongo hauzami katikati ya ubavu wa kebini. Wa pili ni kibamba kidogo kisicho na mgongo, cha kutia kwenye mpini wa kisu. Huo ndio wa milango.

Kuhesabu meno, weka ukucha wa kidole gumba juu ya msumeno, uhesabu yanayoenea upana wake. Ule wa gereji utakuta kama ishirini. Chini ya thelathini usinunue. Bandika selotepu kando ya mstari, vuta kuja kwako, usisukume, usiharakishe. Ukiharakisha plastiki hupata moto, ikayeyuka na kuganda nyuma ya msumeno.

Mlango wa kulia fungua. Wa kushoto usiuguse. Kama unatengeneza lori letu, ule haukuwa unafunguka.

Silas


Garissa
11 Aprili 1998

Ndugu Silas,

Hali yako? Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umenuna. Mke wangu Arbia anakusalimu sana, anauliza kama Nairobi unapata chai ya maziwa ya ngamia.

Nimezunguka soko zima nikiweka ukucha juu ya misumeno ya watu. Fundi mmoja akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mzee Abdow, sasa wewe nabima msumeno kama nguo?" Hakuna uliozidi meno ishirini na mawili. Kama huko ipo, nitafutie.

Mlango wa kulia nitaufungua. Lakini na wa kushoto nataka ufunguke, Silas. Nakuomba.

Ndugu yako,
Abdow


Nairobi
2 Mei 1998

Abdow,

Misumeno ninayo, yote miwili, iko mezani hapa ninapoandikia. Sikutumii.

Miaka miwili nilikuambia mlango wangu umeharibika kitasa. Ukaufunga kwa waya, ukasema tutautengeneza baada ya Idi. Idi ngapi zilipita? Siku lori lilipoacha barabara kabla ya Habaswein ulipiga kelele niruke. Niruke wapi? Ubavu wa lori upande wangu ukagonga mti, mlango ukanikandamiza mguu. Wewe ukatokea upande wako, ukasema, "Ngoja hapa," kana kwamba ningekwenda popote. Nilingoja tangu saa nne mpaka saa nane, mbuzi wakilia nyuma, na walionitoa ni watu wa lori jingine nisiowajua, kwa mnyororo. Hospitalini nililala miezi minne. Kang'ethe alikuja. Hata mwenye mbuzi alikuja.

Ulikwenda wapi, Abdow? Ukinijibu hilo, misumeno nitakutumia. Usiponijibu, usiniandikie tena.

Silas


Garissa
9 Oktoba 1998

Ndugu Silas,

Natumai u mzima. Nisamehe kukawia. Barua hii nimeianza tangu Mei, nikaichana mara nyingi.

Siku ile nilikwenda kutafuta msumeno. Nilitaka kukata bawaba za mlango nikutoe. Nilikwenda kilomita kumi na moja hadi Habaswein, nikikimbia na kutembea. Gereji ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko mazishini. Nikaingia kwa seremala, nikanyakua msumeno wa kwanza niliouona, nikarudi mbio. Meno sikuyatazama. Nilipoyatazama nilikuwa karibu kufika. Dereva wa miaka ishirini, nimebeba msumeno wa mbao nikakate chuma! Nikasema nitajaribu hivyo hivyo. Nikaikuta kebini tupu, mlango umeng'olewa, na damu yako kwenye kiti.

Hospitalini nilikuja, Silas. Mara mbili nilifika getini. Ningekuambia nini? Kwamba waya ni wangu, na hata msumeno nimekosea? Niliona haya, nikarudi nyumbani. Mguu wako uliharibika kwa sababu yangu. Naomba unisamehe.

Msumeno ule ninao mpaka leo, uko chini ya kitanda. Juzi niliuwekea ukucha kama ulivyonifundisha. Meno manne.

Misumeno yako ukiizuia, sitalalamika. Lakini mlango ule nataka ufunguke, hata kama ni wa plastiki.

Abdow


Nairobi
24 Oktoba 1998

Kaka Abdow,

Natumai barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji Arbia. Mwambie maziwa ya ngamia huku sipati, na nimeyakumbuka.

Barua yako niliifungulia kazini. Nikatoka nje nikalia, kisha nikacheka mpaka mwenye ofisi akaja kuniuliza kama niko sawa. Msumeno wa mbao! Ungenikuta pale ningekutukana papo hapo, mguu ukiwa umebanwa, na yangekwisha siku ile. Miaka saba nimeamini kwamba ulinikimbia, kumbe ulikuwa njiani unarudi. Waya nimekusamehe. Lile la getini bado linaniuma, sitakudanganya, hilo tutagombana tukionana.

Furushi hili lina misumeno miwili. Mlango wa kushoto ukate kwa ule mdogo. Anzia juu, fuata selotepu, vuta polepole. Ukishatoka, ugundishe mahali pake ukiwa wazi.

Kuna na kisanduku cha kiberiti, kifungue kwa uangalifu. Nimekuchongea utingo kwa mabaki ya plastiki ya hapa ofisini. Mguu wake mmoja ni mfupi kidogo. Sijakosea, usiusawazishe. Na usimweke ndani. Msimamishe chini, nje ya mlango.

Ndugu yako,
Silas