Supu Kabla Haijapoa

Salzburg, 2 Mei 1999

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila mgongo, na habari za mgongo unazijua. Mikono imebabuka kwa sabuni lakini bado inafanya kazi. Natumai wewe hujambo, na goti lako limepoa sasa theluji imeondoka. Msalimie kaka Lambert na mkewe Roswitha na watoto wao. Ng'ombe nao wasalimie.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu iko pale koridoni, na ukiongea, Roswitha anasikia mpaka unavyopumua.

Hapa mgahawani, Mtungi wa Bluu, kuna desturi. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi hupewa kiti kimoja, jioni moja, ndani ya ukumbi, kama mgeni. Unajua jioni za hapa zilivyo. Wanapiga muziki wa yule mtunzi wa zamani, mtoto wa mji huu, yule aliyechorwa kwenye maboksi ya chokoleti, kisha inakuja supu. Muziki tena, kisha nyama. Muziki tena, kisha kitamu. Muziki ukilia hakuna mgeni anayegusa kijiko, na sisi jikoni tunatembea kama wezi.

Wenzangu wote waliopewa kiti walikikalia wenyewe. Mimi muziki huo nimeusikia miaka yote vipande vipande, mlango ukifunguka na kufungwa. Nimeshauzoea hivyo. Nikiusikia mzima nitaumwa kichwa. Kiti changu nataka ukikalie wewe, Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Usinijibu haraka. Fikiri kwanza.

Mwanao,
Engelbert


Oberwiesen, 9 Mei 1999

Mwanangu Engelbert,

Mungu akusalimu. Barua yako nimeipata na nimefurahi, isipokuwa mambo uliyoandika ndani yake.

Huku tu wazima. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe mmoja kazaa dume, Lambert kanuna wiki nzima.

Sasa sikia. Julai ni kukata na kukausha majani ya ng'ombe. Vibarua watakuwa hapa, nani atawapikia? Roswitha? Roswitha anapika viazi mpaka vinalia. Halafu mimi niende Salzburg nikae kama bibi harusi, watu waniletee sahani, wewe mwanangu uko nyuma ya mlango unaosha? Nitakuja ukitaka, lakini nitaleta aproni yangu, niingie huko jikoni tuoshe wote, tumalize mapema, tuongee. Hiyo ndiyo safari yenye maana.

Kiti kikalie mwenyewe. Mgongo wako unakihitaji zaidi ya wangu.

Mama yako


Salzburg, 23 Mei 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo yangu ikufikie na goti lako pia. Mimi naendelea.

Mimi si mtu wa maneno. Niliacha shule kwenda kukata miti, unajua. Basi nitasema kama ninavyojua kusema.

Nimekutazama miaka yote niliyokaa nyumbani. Unampakulia baba, Mungu amrehemu. Unampakulia babu, kisha Lambert, kisha mimi, kisha vibarua. Mtu anataka chumvi, unakwenda. Mtu anataka mkate, unakwenda. Ukirudi kwenye bakuli lako, unakula umesimama kando ya jiko na mafuta yameshaganda juu. Mimi sijawahi kukuona unakula supu ya moto, Mama. Hata siku ya harusi yako, shangazi anasema ulikuwa unazunguka na kapu la mkate.

Sitaki ukae kama bibi harusi. Nataka mara moja katika maisha yako ukae chini, mtu mwingine akupakulie, uile supu kabla haijapoa. Basi. Ukishaila, hata ukitoka nje kabla ya nyama, sitakulaumu.

Niliposema kiti nampa mama yangu, Bwana Tassilo, msimamizi wa ukumbi, alikataa. Akasema, "Hiki ni kiti cha mfanyakazi." Bi Reinhild, mpishi wetu mkuu, akamwambia, "Na huyo aliyemzaa mfanyakazi ni nani, mtalii?" Akakubali, shingo upande. Kwa hiyo nimeshapigana. Usiniaibishe.

Aproni iache nyumbani.

Mwanao,
Engelbert


Oberwiesen, 24 Juni 1999

Engelbert,

Nakuja. Roswitha amekubali kukamua, ng'ombe bado hawajakubali. Nitalala kwa masista karibu na stesheni, nishaandika. Treni ya kurudi ni Jumapili asubuhi, majani hayangoji.

Aproni iko ndani ya sanduku, chini kabisa. Usiniulize.

Mama yako


Oberwiesen, 6 Julai 1999

Mwanangu Engelbert,

Mungu akusalimu, na akupe nguvu. Nimefika salama. Vibarua hawajafa kwa viazi vya Roswitha, ila mmoja ameniuliza kwa siri kama nimerudi moja kwa moja.

Pale uani kwenu, nilipofika, hatukupata hata muda wa kusemezana. Ulinishika mkono na mikono yako imelowa, ukaitwa, ukakimbia. Kwa hiyo nakusimulia sasa, maana wewe ulikuwa nyuma ya mlango na hukuona kitu.

Nilivaa gauni langu la sikukuu. Yule weita wako, Dragan, alinivutia kiti. Nikamwambia, "Kijana, kiti nakijua." Akacheka. Kushoto kwangu kulikuwa na mama mmoja wa kutoka mbali, sijui Japani, sijui wapi, mdogo kama kuku, anatabasamu tu. Wakapiga muziki. Sitakudanganya, ulikuwa mzuri. Yule mwanamke wa fidla alikuwa akiinama na kuinuka kama anafua nguo mtoni, na sauti inatoka humo.

Muziki ukaisha. Likaja bakuli, ndani yake chapati za maji zilizokatwa nyembamba kama tambi, na Dragan akamimina supu juu yake kutoka kwenye jagi. Mvuke ukanipiga usoni. Nikashika kijiko. Nikasema moyoni, haya, Engelbert, naila sasa.

Kengele ikalia.

Kanisa la jirani, kengele ya sala ya jioni. Sasa mimi nifanye nini? Tangu nilipojua kusimama, kengele ile ikilia kila mtu Oberwiesen anaweka chini alichoshika. Hata baba yako na ukaidi wake alikuwa anavua kofia. Nikaweka kijiko. Nikasimama, nikafunga mikono, nikaanza kusali.

Yule mama mdogo akanitazama, akasimama. Mumewe akasimama. Meza ya nyuma ikasimama. Nasikia viti tu, kwaa, kwaa, mpaka ukutani. Ukumbi mzima ukasimama, mwanangu! Nikasema, kumbe hawa watu wa mjini ni wacha Mungu hivi, na sisi tunawasema vibaya.

Nikamaliza sala. Nikafungua jicho moja. Wote bado wamesimama, vichwa chini. Nikaona aibu. Mimi mwanamke wa mlimani niwe wa kwanza kukaa? Nikaanza sala ya marehemu. Nikamwombea baba yako, babu yako, na yule jirani aliyetuibia uzio. Nikafungua jicho. Wamesimama. Nikaomba jua la kukaushia majani. Wamesimama! Nikamwombea Roswitha, uone nilivyoishiwa.

Kumbe wao walikuwa wananingoja mimi. Dragan ndiye aliyeniambia baadaye. Walidhani ndiyo desturi ya nyumba.

Wale wanamuziki walikuwa wamekwenda kunywa maji. Wakarudi, wakakuta ukumbi mzima umesimama kimya unawaelekea. Wakadhani wanadaiwa muziki. Wakakamata fidla zao mbio, wakaanza kupiga. Hapo tena watu wote wakakaa, nami nikakaa. Na muziki ukilia kijiko hakiguswi. Tukakaa tunaitazama supu.

Nilitazama mafuta yanavyoganda juu ya bakuli langu, nikasema, hata huku umenifuata, rafiki.

Hapo ndipo Dragan alipokuja akinyata na kunyakua bakuli. Nikalishika. Nikamnong'oneza, "Acha, sijala." Akasema, "Inakuja nyingine, mama." "Hii ina kasoro gani?" "Imepoa." Nikamwambia, "Mwanangu, supu yangu huwa imepoa."

Alinitazama, Engelbert. Kisha akalivuta bakuli kwa nguvu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaondoka nalo.

Yaliyotokea huko nyuma ya mlango sijui. Niandikie. Ninachojua ni kwamba muziki ulipoisha tu milango ilifunguka, wakaingia weita wote na mabakuli mapya, na lile jagi likaanzia kwangu. Sikusali, sikungoja, sikumtazama mtu. Nikapiga kijiko.

Nikaungua ulimi.

Nikapiga cha pili nao ukiwa umeungua. Machozi yakanitoka, yule mama mdogo akanipa maji, nikayasukuma kando. Nimeila yote ikiwa inachoma. Nyama sikuonja ladha yake, kitamu kile cha povu la mayai sikuonja ladha yake, na mpaka leo kahawa ninaisikia kama maji. Nina furaha sana.

Mama yako


Salzburg, 18 Julai 1999

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai ulimi umepona. Mimi ni mzima na nimechoka, lakini uchovu huu ni wa aina nyingine.

Barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni. Bi Reinhild alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga.

Huku ilikuwa hivi. Dragan aliingia macho yamemtoka. "Wamesimama wote!" "Wote nani?" "Ukumbi!" Bwana Tassilo akaja nyuma yake, uso mwekundu. "Kuna bibi kasimamisha ukumbi. Nani kamleta?" Nikasema, "Mimi. Ni mama yangu. Kengele imelia." Akasema, "Kengele gani?" Mtu kazaliwa mtaa huu huu, Mama, na kengele ile imelia juu ya kichwa chake kila jioni mpaka ameacha kuisikia.

Kisha muziki ukaanza na sisi tukajua supu imekufa. Tassilo akasema, "Iacheni. Wageni hawa wataila tu, hawajui inavyotakiwa kuwa." Bi Reinhild akavua kofia yake. "Mimi ninajua. Na mama yake Engelbert anajua. Mabakuli yarudishwe yote."

"Mabakuli mengine hatuna!" Tassilo akasema.

Bi Reinhild akanigeukia mimi. "Engelbert, utaweza?"

Supu ya kesho ilikuwepo kwenye sufuria kubwa, na chapati zilikuwepo. Kilichokosekana ni mabakuli, na muda ulikuwa kipande kimoja cha muziki, na sauti isisikike. Mashine ile inanguruma kama trekta, kwa hiyo nikaizima. Nikatandika mataulo chini ya sinki ili bakuli lisigonge chuma. Dragan alipoleta la kwanza, chapati zimevimba ndani yake kama miguu ya mzee, akasema kwa sauti ndogo, "Hili la mama yako. Hakutaka kuliachia. Anasema supu yake huwa imepoa."

Jikoni kila mtu alisikia. Yule wa saladi aliacha saladi. Dragan akakunja mikono ya shati lake jeupe. Bi Reinhild mwenyewe alishika taulo la kukaushia, yeye ambaye hajawahi kugusa chombo kilicholowa. Na Tassilo, Mama, Tassilo alikaa mlangoni akisikiliza muziki na kutuonyesha kwa vidole umebaki kiasi gani. Niliosha kama sijawahi kuosha. Mgongo ulikuwepo, lakini ulikuwa wa mtu mwingine. Hakuna bakuli lililolia.

Fidla ya mwisho iliponyamaza, bakuli la mwisho lilikuwa mkononi mwa Bi Reinhild. Alilipangusa, akaweka chapati, akafungua mlango kwa mguu. Nilisikia makofi. Najua yalikuwa ya wanamuziki. Lakini tulisimama pale jikoni, tumelowa mpaka viatuni, tukayapokea sisi.

Wageni walipokuwa wanatoka walimshika Tassilo mkono. Walisema hawajaona mji wenye desturi nzuri kama ile, watu wote kusimama kimya kabla ya kula. Sasa anataka ifanyike kila jioni. Bi Reinhild amemwambia, "Sawa. Na supu itatoka baada ya kengele." Hivyo ndivyo tunavyofanya siku hizi.

Mwanao,
Engelbert


Oberwiesen, 2 Agosti 1999

Mwanangu Engelbert,

Mungu akusalimu, na awasalimie wote wa jikoni, hasa huyo Bi Reinhild. Majani yameingia ghalani yote, makavu. Unaona sala ndefu inavyosaidia. Ulimi umepona.

Jana, Jumapili, tulirudi kutoka kanisani nikapika supu kama kawaida. Nikaweka sufuria mezani. Kisha nikavuta kiti, nikakaa.

Wakanitazama. Lambert akasema, "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nina njaa."

"Sasa nani atapakua?" akauliza Roswitha.

Nikamwambia, "Humu ndani mna mikono ya kutosha kujenga kanisa."

Mwishowe Lambert akasimama. Alifungua droo hii, akafungua ile. Mwanaume amekula ndani ya nyumba hii tangu aote meno na hajui upawa unakaa wapi! Watoto wakacheka, Roswitha akacheka. Nikamwacha atafute. Alipoupata akanijazia bakuli mpaka ukingoni, akalileta kwa mikono miwili, polepole, ulimi nje, kama padri mpya na kikombe chake cha kwanza. Alimwaga kiasi. Iliyobaki ilikuwa inafuka mvuke.

Mtoto mdogo akasema anataka chumvi. Engelbert, miguu yangu ilianza kusimama yenyewe. Nikayashika magoti chini ya meza kwa mikono yote miwili. Roswitha akanitazama, akaenda kuileta.

Nikala. Safari hii nilipuliza kwanza, maana sasa nina uzoefu. Nilipomaliza, nikamsukumia Lambert bakuli.

"Ongeza," nikamwambia.

Mama yako